Zamu ya Editha

Ukuta wa jikoni uliita jina la marehemu asubuhi, wakati Mama Asteria anachuja mafuta ya alizeti na binti yake anapuliza uji.

"Habari njema kwa nyumba ya Mkumbo," ukuta ulisema kwa ile sauti yake ya upole. "Editha Mkumbo, umri miaka ishirini na mmoja, zamu yake ya moyo imefika. Chungu kimeoshwa. Afike Hospitali ya Kilimani atoe damu ya kuoteshea. Zamu itashikiliwa mwezi mmoja. Hongereni."

Chujio likamponyoka mama mkononi. Mafuta yakatapakaa sakafuni, na mwanamke huyu, ambaye humgombeza mtu kwa tone moja, hakuyatazama hata kidogo.

"Asteria. Umesikia?"

Asteria alisikia. Mdogo wake Editha alizikwa akiwa na miaka tisa, kwa moyo uliokuwa na tundu, enzi ambazo mioyo ilikuwa haijaanza kuoteshwa vyunguni. Kaburi lake liko hapo hapo nyuma ya nyumba, kwenye shamba la alizeti, na kila mvua za kwanza zikinyesha mama na binti hulipalilia wenyewe. Leo mji mzima unamwita aje kuchukua moyo.

"Ni kosa, mama. Kosa la mfumo tu."

"Ishirini na mmoja," mama alisema, kama hakumsikia. "Mimi nilikuwa nimeacha kuhesabu."

Asteria akanyakua mkoba wake, akala kona kabla hajaulizwa swali jingine. Maana kosa lile, jamani, alilijua vizuri. Lilikuwa lake.

* * *

Chuo cha mifumo anakosoma Asteria kiko nje kidogo ya mji wa Singida, kule penye minara ya upepo, na somo la kwanza la Mwalimu Kiula halibadiliki mwaka hadi mwaka.

"Nyote mmewahi kuumwa," huanza hivyo, mikono nyuma. "Ukienda kuchukua dawa unamkuta nani? Mtu wa dirishani. Anakusalimia, anapokea karatasi yako, anakutania kidogo. Huyo ndiye Uso. Nyuma yake amekaa mfamasia, anayejua dawa ipi haichanganywi na ipi. Huyo ni Akili. Nyuma kabisa kuna stoo, makopo yamepangwa, hakuna anayeongea humo. Hiyo ni Kumbukumbu. Mfumo wowote mkubwa mtakaoujenga utakuwa na matabaka hayo matatu, kila moja na kazi yake. Sasa nisikilizeni, na wewe Ntandu acha kutafuna. Mtu wa dirishani hana ufunguo wa stoo! Hana, na asiwe nao. Siku atakayojiingilia stoo mwenyewe eti kwa sababu foleni ni ndefu, siku hiyo mtu anakufa."

Wanafunzi hucheka, wakidhani mzee anatia chumvi.

Kundi la Asteria lilipewa kazi nzito ya kumalizia masomo: kumjenga upya Mratibu, yaani mfumo unaogawa zamu zote za mji. Zamu ya maji, zamu ya daktari, zamu ya chungu cha moyo. Walianza kwenye uwanja wa majaribio, mahali ambapo mfumo unaendeshwa kwa watu wa uongo. Unambuni mtu, unamwozesha, unamtia ugonjwa, unamwua, ili uone kama Akili inafikiri sawasawa.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi yao. Kumwandika mtu aliye hai kwamba anaumwa au amekufa ni uchuro, nani asiyejua? Ntandu alijifanya mjanja, akaandika jina la mjomba wake, na wiki hiyo hiyo mjomba akaanguka na pikipiki. Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Kila mmoja akaleta wafu wa kwao. Uwanja wa majaribio ukajaa mabibi, mababu na mashangazi waliokwisha kupumzika, wanaugua na kupona bila kuwadhuru walio hai.

Asteria alimleta Editha.

Mwanzoni ilikuwa kazi tu. Aliandika tarehe ya kweli ya kuzaliwa na ugonjwa wa kweli, maana Akili hutaka habari zinazoshabihiana. Halafu akaanza kuwahi darasani kabla ya wenzake. Akamwingiza Editha sekondari. Akampa miwani. Uso wa Mratibu unaweza kuikuza picha ya mtoto kadiri miaka inavyokwenda, na Editha wa miaka kumi na mitano akatokea na shingo ndefu ya mama yao. Asteria siku hiyo alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Lile sharti la Akili kwamba mgonjwa aliyeanza kuugua utotoni atangulie wengine kwenye foleni ya chungu, yeye ndiye aliyelitunga, akimfikiria mdogo wake, na darasa zima likalipigia makofi.

Ikafika siku ya kuupandisha mfumo, kuutoa majaribioni na kuupeleka kazini. Kanuni inasema Kumbukumbu ioshwe kwanza, watu wote wa uongo watoke. Asteria ndiye aliyekabidhiwa kuosha. Akamtoa mjomba wa Ntandu, akawatoa mabibi na mababu. Alipofika kwa Editha kidole kikagoma. Nitamtoa kesho, akajisemea. Kesho ikawa kesho kutwa, na Mratibu akapanda na Editha ndani yake. Kumbukumbu ya zamani iliujua msiba ule, baba yao mwenyewe aliutolea taarifa kabla naye hajafariki. Lakini kwenye Kumbukumbu mpya walihamishiwa walio hai tu. Hakukuwa na kitu cha kumpinga.

* * *

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Asteria kukaa meza ya malalamiko pale chuoni. Alipofika asubuhi ile kutoka nyumbani, alikuwa hajakaa vizuri, sauti ya kwanza ikaingia.

"Mimi ni mke wa Gidioni Kitundu, fundi wa minara," mwanamke alisema. Alikuwa anajikaza kisabuni, lakini pumzi zilimsaliti. "Mume wangu jana alikuwa wa kwanza kwenye chungu. Leo asubuhi tumeambiwa yuko wa pili. Sigombani na mtu, dada yangu. Kila mgonjwa ana haki yake. Ninachoomba ni kujua huyo aliyetutangulia atakuja lini. Daktari anasema chungu kikikaa bure mwezi mzima, Gidioni hafiki. Hata sasa amekaa, kulala hawezi. Tafadhali, kama mnamfahamu huyo mtu, mwambieni awahi."

Asteria akajibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kwamba suala linashughulikiwa, kisha akatoka nje kwenye upepo. Ntandu alimfuata. Ni mtani wa watu, Ntandu, lakini akikuona umebadilika hana utani. Asteria akamwambia yote.

"Loo," Ntandu alisema. "Sasa hospitali si wampe tu huyo fundi?"

"Hospitali haisogezi zamu. Inamsikiliza Mratibu."

"Na Mratibu hafuti mtu."

"Hafuti. Lazima aambiwe mtu amefariki, na aambiwe kwa mdomo wa mzazi au mwenza, mbele ya Uso. Mume hana, baba hayupo. Amebaki mama."

Ntandu akajikuna kisogo, akatazama huku na huku, akasogea karibu.

"Asteria, funguo zetu za ujenzi hazifungwi mpaka jioni. Mlango wa uani upo. Ingia Kumbukumbu moja kwa moja, mtoe, funga, rudi ukae. Mama yako hataulizwa kitu. Mwalimu hatajua, cheti chako kipo palepale. Jamaa anapata moyo wake. Niambie, nani ameumia hapo?"

Asteria alijaribu kumpata aliyeumia, na kwa kweli hakumpata. Alimwona mama yake jikoni amesimama juu ya mafuta yaliyomwagika. Alimsikia yule mwanamke akisema kulala hawezi. Akapiga moyo konde, akarudi ndani.

Mlango wa uani haukuwa mgumu. Mfumo waliujenga wenyewe, walizijua pembe zake zote. Aliupita Uso, akaipita Akili, akajikuta ndani ya stoo yenyewe, kwenye safu ndefu za majina ya watu wa mji wake. Akamtafuta Editha. Huyo hapo, katikati ya walio hai, na miwani yake.

"Stoo kuna baridi, eh?"

Mwalimu Kiula alikuwa amesimama nyuma yake. Asteria aliruka kidogo kitini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo?"

Uongo ulikuja mpaka kwenye ulimi, ukaishia hapo. "Mdogo wangu, mwalimu. Alishafariki. Nilishindwa kumtoa."

Mwalimu akavuta kiti, akakaa. Asteria alitegemea atafokewa mpaka wenzake wasikie, lakini mzee aliitazama tu ile picha.

"Mwaka wa Kufutwa ulikuwa mdogo wewe," alisema. "Mimi nilifutwa. Na aliyenifuta wala hakuwa mbaya. Kijana mpole, mchapakazi. Aliona majina yanayojirudia, akasema ngoja nisafishe, akaingilia uani ili asimsumbue mtu. Mimi nina jina la babu yangu, basi nikasafishwa pamoja naye. Nikarudi nyumbani jioni mlango haunifungulii. Mke wangu ukuta unamwambia hajawahi kuolewa! Bombani nikitia mkono maji hayatoki. Ukienda kulalamika wanakuuliza, anayelalamika nani? Hayupo."

"Ulifanyaje, mwalimu?"

"Nilikaa kwa jirani nakula kwa huruma. Mpaka mama yangu alipotoka Kiomboi, bibi kizee na fimbo yake, akasimama mbele ya Uso akasema, huyu nimemzaa mimi, anaitwa hivi. Ndipo mlango ukafunguka. Tulipoiandika upya sheria tuliweka sharti moja: mtu haingii wala hatoki bila mdomo wa mtu anayempenda." Akanyoosha goti lake bovu. "Funguo ni zako mpaka jioni, sikunyang'anyi. Kazi unayotaka kuifanya ni njema, naijua. Ila huo mlango ukishafunguka kwa wema wako, hautajifunga mwenyewe. Huyo Ntandu anayejificha pale dirishani ameshauona. Atakayemfuata Ntandu atauona."

Ntandu akatoweka dirishani.

"Nitamwambiaje mama, mwalimu?"

"Hilo silijui, mwanangu. Ningelijua ningelifundisha."

Asteria aliitazama picha ya mdogo wake mara moja zaidi. Kisha akatoka alikoingilia, akazirudisha funguo mikononi mwa mwalimu kabla jioni haijafika. Alipouliza habari ya cheti, mwalimu akamwambia cheti kingoje, mgonjwa kwanza.

* * *

Alimkuta mama amekaa kwenye kigoda katikati ya jiko. Sakafu ilikuwa imefutwa ikang'aa. Amevaa kanga mpya, ile ya harusini, na mbele yake ukuta wote ulikuwa uso wa msichana mwenye miwani.

"Niliuomba unionyeshe," mama alisema bila kugeuka. "Sikujua kama unaweza. Njoo umwone mdogo wako. Shingo ni yangu, unaona? Lakini hayo macho ni ya baba yenu."

"Mama."

"Nimekaa naye tangu ulipotoka. Nimemsimulia habari za kuku, habari za shangazi yake. Usidhani nimechanganyikiwa. Najua aliko, liko jiwe pale nje."

Asteria akapiga magoti sakafuni mbele ya kigoda. Akasema yote, hakubakiza. Kwamba ni yeye aliyemwandika. Kwamba alikuwa anawahi chuoni ili amwone akikua. Kwamba yuko fundi anaitwa Gidioni ambaye hawezi kulala, na mke wake alipiga simu asubuhi akiomba Editha awahi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwenzangu ulikuwa naye muda wote huo," alisema hatimaye. "Unamwangalia peke yako. Hukuniambia!"

"Niliogopa, mama. Nisamehe."

"Na sasa umemleta kwangu ili nimtoe mimi. Asteria, mtoto mmoja nimzike mara mbili?"

Asteria alilia tu, kichwa mapajani mwa mama yake, kama alivyolia siku ile ya mazishi ya kwanza.

"Mwache akae mwezi," mama alisema. "Alimaliza miaka tisa bila kuitwa na mtu. Tuliambiwa tu hakuna dawa, mrudisheni nyumbani. Leo wamemwita kwa jina lake, wamemwoshea chungu. Mwache akae kwenye zamu yake mwezi huu tu, kisha nitasema nitakachotakiwa kusema."

"Gidioni hafiki mwezi, mama."

Nje kuku walikuwa wanaparura. Mama akaupitisha mkono kichwani kwa Asteria, mara moja, mara nyingine.

"Huyo fundi, mama yake yu hai?"

"Sijui, mama. Mfumo hauniambii."

"Kama yu hai, basi hivi sasa amekaa kwenye benchi pale hospitali. Nalijua lile benchi. Lina mguu mfupi upande mmoja." Akashusha pumzi ndefu, akasimama. Akaifunga kanga vizuri kiunoni, akajipangusa uso kwa viganja, akausogelea ukuta mpaka akawa ana kwa ana na msichana wa miwani. "Haya. Nisemeje?"

"Sema tu. Utakusikia."

"Mimi ni Paskalina Mkumbo," mama alisema. Sauti ilikuwa nzima. "Nimekuja kusema habari za binti yangu Editha. Editha amefariki. Zamani. Alikuwa na miaka tisa."

Ukuta ukafikiri kidogo. Asteria alijua kinachofuata, akatamani sakafu immeze, maana maneno yenyewe aliyaandika yeye, siku moja ana haraka. Sentensi moja aliyoibandika kwenye kila dirisha la Mratibu, hata kwenye lile la kuahirisha zamu ya maji.

"Je, una uhakika unataka kuendelea?" ukuta uliuliza.

Mama akageuka akamtazama binti yake. Kisha akaugeukia ukuta.

"Nina uhakika," alisema. "Nilimwosha kwa mikono hii."

"Asante. Ombi lako limekamilika. Tunakutakia siku njema."

Uso wa msichana ukatoweka, ukabaki ukuta mtupu. Kona ya chini maandishi madogo yakapita: zamu ya chungu imehamia kwa mgonjwa anayefuata, familia imearifiwa. Asteria alimfikiria yule mwanamke aliyekuwa akijikaza asubuhi, sijui sasa anapiga vigelegele au amekaa chini. Mama alibaki amesimama palepale, mikono inaning'inia.

"Nani aliyeandika maneno haya?" aliuliza.

"Yapi, mama?"

"Eti nina uhakika. Eti siku njema."

"Mimi, mama."

Asteria alitegemea kofi, na angelipokea. Mama akachukua ufagio uliokuwa mlangoni, akaanza kufagia sakafu ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kayaondoe. Usingoje kesho nyingine. Yuko mwanamke mwingine mahali atasimama mbele ya ukuta wake, hataki kuulizwa upuuzi."

Asteria akatoa kishikwambi chake, akakaa kwenye kigoda. Maneno ya Uso yalikuwa halali yake kuyagusa. Mwalimu angeyapitia asubuhi kisha yapandishwe kwa njia yake, kwa mlango wa mbele. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Soma," mama alisema, anafagia.

"Katika kipindi hiki kigumu, tunaungana nawe na familia yako yote kwa masikitiko makubwa, na tunapenda kukuhakikishia kwamba—"

"Unarefusha ya nini? Unatangaza redioni? Sema pole, halafu unyamaze. Mwache mtu alie. Akimaliza ataendelea mwenyewe."

Asteria akafuta yote. Akaandika maneno mawili. Chini yake aliondoa kitufe kilichokuwa kikimetameta kumhimiza mtu, akaondoa na saa iliyokuwa ikifunga dirisha mtu akichelewa kujibu. Akauagiza Uso ungoje, bila kikomo, mpaka mtu aseme tena.

"Tayari?" mama aliuliza.

"Tayari. Kwenye majaribio tu."

"Jaribu nisikie."

"Nahitaji jina, mama. La kujaribia."

Mama akaegemeza ufagio ukutani. "Liandike lile lile," alisema.

Asteria akaliandika. Ukuta ukawaka polepole.

"Pole sana," ukasema, na ukanyamaza.

Mama Asteria akasubiri aone kama kuna jingine. Hakukuwa na jingine. Akakaa sakafuni, kwenye ile kanga yake ya harusini, akalia kwa sauti kama ambavyo hakuwahi kulia tangu siku ya kaburi, na ukuta ukamngoja.